Kilima Kisichoagwa

Esperansia alikuwa ameketi mlangoni pake, mstari wa tatu, nyumba ya tano, akichambua maharage kwenye ungo, kilima chao kilipofika. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda kidogo. Mvua ilikuwa imekatika na kuku walikuwa wakiparura tope nyuma ya choo. Kilima kilipita pembeni mwa nyumba ya mwisho taratibu, kikakwepa rundo la kokoto lililoachwa na mafundi, kikazunguka mara mbili kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, kisha kikakaa juu ya shamba la pamoja la pamba. Migomba yake iliendelea kutikisika kidogo, halafu ikatulia.

"Umechelewa," Esperansia alikiambia. Akarudi kwenye maharage, maana yalikuwa na mawe mengi.

Wifi yake, Secilia, alitoka nyumba ya jirani na mwiko mkononi. Alikitazama kilima kuanzia chini mpaka juu, akauliza kama kimepitia Nyakahura au kimekata porini.

"Kimekata porini," alisema Esperansia. "Huoni miba iliyokijaa ubavuni? Barabarani kingevunja madaraja yote."

"Basi chungu changu kitakuwa bado kiko jikoni," alisema Secilia, na bila kuuweka chini ule mwiko akaanza kupanda.

Miaka ile kila mahali palikuwa na kitu cha kuwaonyesha wageni. Biharamulo walikuwa na boma jeupe la Wajerumani. Ngara walikuwa na maporomoko ya Rusumo, na mgeni aliyefika Rusumo alirudi amelowa, akiapa kwamba hajapata kuona maji yenye hasira namna ile. Kijiji kipya cha Songambele, upande wa Nyabusozi, kilikuwa na mistari. Nyumba zilipangwa kwa kamba, zikanyooka hata mtu akisimama mwanzo wa mstari aliiona nyumba moja tu. Laurian, katibu wa kijiji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na miguu isiyotulia, aliwatembeza wageni kwenye mistari hiyo kwa fahari kubwa. Wageni walisema, "Imenyooka." Baada ya hapo walikosa la kuongeza, wakaomba maji ya kunywa. Wenyeji walikuwa na mengi ya kuongeza, lakini hao hawakuulizwa.

Wengi wao walikuwa wametoka kilima kimoja, Nyamugina, kule Kirushya wilayani Ngara. Na kule mtu hahami hivihivi. Anayehama hupika pombe ya ndizi, akaketi kizingitini kwa mara ya mwisho, akanywa, na kibuyu cha mwisho akakimimina penye shina la mgomba mkongwe kuliko yote, akisema: "Tumekaa vizuri. Pale tulipokukanyaga vibaya, utusamehe. Baki salama." Mahali pakishaagwa hivyo, hubaki. Pasipoagwa, hapajui kama mtu amehama au amekwenda sokoni. Wazee walisimulia habari za kisima kilichomfuata bibi harusi mpaka kwa mumewe, na za jiwe la kunolea lililotokea Burundi likimtafuta mwenyewe. Kilima kizima kilikuwa hakijapata kumfuata mtu, kwa sababu haikuwahi kutokea watu wa kilima kizima wakaondoka bila kuaga.

Hilo lilitokea mwaka wa Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Malori yalifika alfajiri, na ndizi za pombe zilikuwa bado shimoni, zimevundikwa. Esperansia alimwomba dereva asubiri ziive. Dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza zitaiva lini. Alipoambiwa Jumapili, akapiga honi. Mgambo waliitia moto nyumba ya mzee mmoja ili wengine wasichelewe, na kweli hawakuchelewa. Esperansia alipanda lori na jembe, godoro na picha ya Bikira Maria. Mumewe, Bartholomayo, alibaki kaburini chini ya mgomba mkongwe, naye hakuagwa. Miezi yote iliyofuata Esperansia alikuwa na aibu ya mtu aliyetoka nyumba ya watu bila hata kusema asante.

Sasa kilima kilikuwa kimekuja, na Bartholomayo juu yake. Esperansia alifurahi mpaka akaogopa.

Wiki ile watu walisahau mistari. Walipanda na watoto, na magodoro, na kuku. Kila mtu alikuta mlango wake palepale alipouacha. Chungu cha Secilia kilikuwa jikoni, na maharage ndani yake yalikuwa yameungua kidogo tu. Walilala wakisikia majani ya migomba, wakaamka na kizunguzungu, maana kilima kilikuwa bado kina uchovu wa safari na kilijinyoosha mara kwa mara. Wanawake walibeba maji huku wakicheka peke yao. Mzee aliyechomewa nyumba aliketi juu ya majivu yake, akatangaza kwamba yako kamili.

Mihayo naye alipanda. Huyu alikuwa Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mtu wa tambarare, ambaye maishani mwake hakuwahi kusimama mahali palipoinuka kuliko kichuguu. Alipofika kileleni alilala kifudifudi, akashika nyasi kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mke wangu Kwandu kaniambia nisije," alisema. "Naishikilia nchi isije ikanitupa. Kile cheupe kule ni nini?"

"Boma la Biharamulo," alisema Esperansia.

"Na ule moshi?"

"Si moshi. Ni Rusumo inafoka."

Mihayo alitazama kwa muda mrefu bila kuachia nyasi. "Kumbe mlikuwa mnaishi juu huku," alisema, "halafu mkakubali kupanda lori?"

"Hatukukubali," alisema Esperansia. "Tulipanda."

Laurian alikuja siku ya Jumatatu. Alisimama kizingitini, akihema, miguu ikiendelea kuchezacheza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, katibu. Karibu ndizi."

"Mama, hiki kilima hakina kibali."

"Kirima hakijui kusoma, baba," alisema Esperansia kwa lafudhi ya kwao.

"Kimekalia pamba ya kijiji."

"Kimekalia magugu ya kijiji," alisema Esperansia. "Pamba irikuwa pembeni kidogo."

Laurian alijua hilo ni kweli, akahamia kwenye jambo lililomleta. Alieleza kwamba Jumamosi watakuja wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam, na kwamba wamekwisha kuahidiwa tambarare. Alikuwa amewauliza akina mama wazee, nao bila kufikiri wakamweleza desturi yote. "Kama kimekuja kwa kukosa kuagwa," alisema, "basi kiagwe. Wewe ndiye mkubwa wa hapa. Upike hiyo pombe, useme hayo maneno, kiondoke kabla ya Jumamosi mchana."

"Nasi tuondoke nacho?"

"Ninyi mmo kwenye mpango, mama. Chenyewe hakimo." Kisha akatazama viatu vyake na kusema lililobaki: kama kilima hakitaondoka, watu wake watagawanywa, kila familia kijiji chake, wengine mpaka huko Chato, ili kikose wa kumfuata. Alilisema haraka. Alikataa ndizi, akateremka.

Esperansia alikwenda kaburini kumuuliza mumewe. Akikiaga, atampoteza yeye pamoja na kilima, na safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Asipokiaga, watu wa Nyamugina watatawanywa kama kunde zilizopasuka juani. Bartholomayo alikaa kimya, kama alivyokuwa katika mambo mengi. Lakini katika kung'oa majani juu ya kaburi lake, Esperansia alikumbuka siku mumewe alipokuja kuposa. Siku hiyo Bartholomayo alikunywa pombe ya baba mkwe mpaka akashindwa kuutambua mlango, akataka kwenda kwao. Baba yake Esperansia akamzuia. Mgeni aliyelewa haachiwi njia, alisema, wala haagwi. Akianguka mtoni, damu yake ni juu ya mwenye nyumba. Bartholomayo akalazwa. Alipokuja kupata fahamu zake sawasawa, mahari ilikuwa imeshakubaliwa.

Esperansia alicheka peke yake pale kaburini. Akaenda kuwaita wanawake.

Ndizi zilikuwa bado shimoni. Zilikuwa zimeiva kupita kiasi, tamu mno, hata nyuki walizisindikiza mpaka kwenye mtumbwi wa kukamulia. Vijana waliziponda kwa nyasi, wanawake wakatia maji na mtama uliokaangwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba. Laurian alipita kila siku kuuliza kama imeiva. Alipewa kuonja, akaona bado, akaonja tena ili awe na hakika. Siku ya Ijumaa aliteremka kwa makalio, akimsalimia kila mgomba kwa shikamoo.

Jumamosi asubuhi watu wote walikusanyika penye mgomba mkongwe. Esperansia alipiga magoti, akamimina kibuyu kimoja shinani, akasema, "Tumekaa vizuri." Kilima kikanywa. Akamimina cha pili. Akamimina cha tatu, na Secilia akaleta ndoo.

"Mama," alisema Laurian, "si mliniambia desturi ni kibuyu kimoja?"

"Kimoja ni cha mtu mmoja anayehama. Sisi tuliohama ni kirima kizima. Kila mtu ana chake."

Hesabu hiyo ilimwingia Laurian, naye akarudi nyuma kupisha. Walimimina wote, wakubwa kwa watoto, na Mihayo kwa niaba ya ng'ombe wake, mpaka mtumbwi ukabaki na povu. Esperansia akasema, "Pale tulipokukanyaga vibaya, utusamehe." Yalibaki maneno mawili tu ya mwisho. Alifungua kinywa kuyasema, na kilima kikapata kwikwi.

Kuku waliruka. Kwikwi ya pili ikaangusha mkungu mzima. Kisha kilima kikaanza kuyumba pole pole, kushoto na kulia, kikivuma kwa ndani mlio mzito uliopanda kwenye nyayo za watu na kuwatekenya.

Esperansia alisimama, akajipangusa magoti. "Siwezi kukiaga," alisema. "Kimelewa."

Laurian alikuwa mtoto wa mjini Biharamulo, lakini hata yeye alilelewa na bibi. Alijua kwamba kwenye hilo hakuna mjadala. Alitoa kalamu moja, akairudisha, akatoa nyingine. Wakati huo huo Landrover za wageni zikaonekana zikija na vumbi lake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Secilia, akakaza kanga.

Wageni hawakuitaka mistari. Waliitazama mara moja, wakasema, "Imenyooka," kisha macho yote yakaenda kwenye kilima, nacho kikawainamia kidogo, wakapanda. Mkubwa wa msafara, bwana mnene mwenye suti ya kijani, alipofika katikati alipoteza viatu. Kilima kiliegemea upande wa pili naye akabingirika katikati ya migomba mpaka chini kabisa, akatua kwenye majani makavu, akakaa. Bwana yule alipangusa suti, akauliza kama anaruhusiwa kurudia. Mama mmoja wa wizarani, mzaliwa wa Tanga, alisema hajacheka hivyo tangu Uhuru, akamshika Mihayo mkono wakazunguka kama watoto. Mtaalamu wa Kizungu alilala kifudifudi kileleni. Mihayo alipoachiwa alikwenda kulala kando yake, akamwonyesha ni nyasi zipi zenye mizizi ya kuaminika.

Mkubwa wa msafara aliporudi mara ya tatu, kifua wazi, macho yakimwaga machozi, alimshika Laurian bega. "Kilima kizuri sana hiki, katibu. Mmekipataje?"

Miguu ya Laurian ilitulia kwa mara ya kwanza tangu afike Songambele. "Kujitegemea, mheshimiwa," alisema. "Wananchi wamekileta wenyewe."

Halikuwa uongo, na ndilo lililomsumbua baadaye. Wageni walipiga makofi. Songambele ikatangazwa palepale kuwa kijiji cha mfano, na kilima kikaingizwa kwenye mpango. Siku ile ngoma za Wahangaza wa Nyamugina na za Wasukuma zilichezwa pamoja, na kwa kuwa chini yao kilima kilikuwa kikicheza pia, hakuna aliyekosea hatua. Esperansia alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Alikuwa amekiokoa. Alikwenda kumwambia Bartholomayo, akamwambia na watu wengine waliokuwa wameshaambiwa.

Jumatatu ukaitishwa mkutano. Laurian alisimama mbele ya watu na tangazo lake, akalisoma bila kuinua macho. Kwa kuwa kilima sasa kilikuwa mali ya kijiji na fahari ya wilaya, na kwa kuwa wageni watakuja kukiona, ilikuwa marufuku kwa mkazi yeyote kulala, kulima, kupika au kukata mkungu juu yake, kisije kikachakaa. Wakazi walirudishwa kwenye mistari yao. Nyumba za kilimani ziliachwa milango wazi ili wageni waone jinsi watu wanavyoishi. Chungu cha Secilia kilirudishwa jikoni pake, na kila msafara ulipotarajiwa alipewa maharage ya kukijaza. Kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuwatembeza wageni, na kwa kuwa hakuna aliyezijua njia kumzidi, kazi hiyo alipewa Esperansia.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuwapenda wageni. Akisikia mlio wa Landrover alitupa jembe, akanawa uso, akakimbia. Walikuja wa Mwanza wakasema panafanana na kwao, ila pana baridi. Walikuja wa Bukoba wakasema migomba inahitaji kupogolewa. Esperansia akakubaliana nao kwa uchungu, akaipogoa kwa kucha akijifanya anawaonyesha majani. Alikuja Mzungu mwingine aliyeuliza kwa nini watu hawaishi juu huku kwenye hewa nzuri. Laurian akamjibu kwamba wanapenda kukaa pamoja. Mzungu akasema ni jambo zuri, kwao watu wameacha kukaa pamoja. Mwisho wa ziara, wageni wote walitaka kukiaga kilima, wengine hata wakiwa na chupa ya bia mkononi, na Esperansia aliwazuia wote. Yeye mwenyewe aliteremka wa mwisho kila mara, kimya, bila kugeuka.

Kilima, kwa kutojua kama amehama au amekwenda sokoni, kilisogea kidogo kila alipoteremka. Kufikia mwaka wa vita, majani ya mgomba yalikuwa yanagusa paa la nyumba ya tano, mstari wa tatu. Mkungu mmoja uliinamia uani kwake kabisa. Ulipoiva, alikuja mgambo akaukata na kuondoka nao, kwa sababu ulikuwa wa wageni.

Mwaka huo malori ya askari yalipita mfululizo kuelekea kaskazini. Moja liliharibika mbele ya mstari wa kwanza, na kwa kuwa askari walitoka mbali, Laurian aliamua kwamba nao ni wageni. Esperansia akakaza kanga. Walikuwa vijana wadogo, wenye buti zilizowazidi, na kilima, ambacho tangu siku ile ya pombe kilikuwa hakijaacha kabisa kuyumba, kiliwapokea vizuri. Walicheka, wakasukumana, wakashikana mabega wasianguke. Mmoja, mtoto wa Lindi, alichoka akaketi juu ya kaburi la Bartholomayo, akidhani ni jiwe la kupumzikia. Kilima kilijiinua upande mmoja taratibu, kijana akateleza mpaka kwenye nyasi. Akacheka, akakaa hapohapo.

"Shikamoo, mama. Panapendeza hapa. Hizi nyumba za nani?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Esperansia. Laurian, aliyekuwa amesimama karibu, alikohoa. "Za kijiji," Esperansia alimalizia.

"Na wewe kwako ni wapi?"

Esperansia alikuwa amesimama mlangoni pake, mkono juu ya mhimili aliouchonga Bartholomayo. Aliuondoa mkono, akaonyesha chini.

"Mstari wa tatu," alisema. "Nyumba ya tano."

Kijana alikinga jua kwa kiganja, akatafuta katikati ya mabati na nyasi mpaka akaipata. "Naiona! Imenyooka na wenzake. Ukitazama kutoka huku juu, mama, kwako panapendeza sana."

"Wageni wote husema hivyo," alisema Esperansia.

Chini dereva alipiga honi. Kijana aliinuka, akavaa kofia, akaugeukia mgomba mkongwe na kuinua mkono apunge. Esperansia aliudaka ule mkono hewani.

"Hapa hatuagi, mwanangu. Mimi usiniage, na kirima usikiage. Shuka tu, kama mtu anayekwenda sokoni."

Kijana alimtazama, akakubali kwa kichwa, akateremka mbio na wenzake. Lori likaondoka. Esperansia alifuata wa mwisho, na pale chini Laurian alimuuliza kama wote wameshuka.

"Wote," alisema.

Alipita chini ya majani yaliyofunika paa lake, akaketi mlangoni, akavuta ungo. Nyuma ya nyumba kilima kilisogea kidogo. Maharage yalikuwa na mawe mengi mwaka huo, akaendelea kuyachambua.